Shajara ya mradi: fimbo mbili, Mei hadi Novemba

Mei 1

Mwaka wa mchezaji wa ski za masafa hauanzi Januari. Unaanza leo, theluji imeshayeyuka na miguu imeshapumzika wiki tatu. Daftari la saa za mazoezi limerudi sifuri. Mwaka uliopita niliandika saa 612. Mwaka huu nimepangiwa 640. Wale wa daraja la juu kabisa hupita 800, wengine hukaribia 1,000, lakini sina haja ya kuwafukuza kwa mwaka mmoja. Nimewaona wenzangu wakijiongezea saa 100 kwa mpigo, na ikifika Oktoba wako kitandani na homa.

Mradi wa miezi hii ni mmoja tu: kusukuma kwa fimbo mbili. Kwa asiyeujua mchezo, katika mtindo wa klasiki ski hukaa ndani ya mifereji miwili iliyochorwa kwenye theluji. Unaweza kupiga hatua kama anayekimbia, au ukaacha miguu itulie, ukauangusha mwili juu ya fimbo zote mbili kwa pamoja na kujisukuma mbele. Zamani hiyo ya pili ilikuwa ya tambarare na miteremko midogo. Siku hizi kwenye mbio ndefu kama Vasaloppet, kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora huko Uswidi, watu wa mbele hawapaki hata chembe ya nta ya kushika, ile inayowekwa chini ya ski ili hatua isiteleze nyuma. Ni fimbo mwanzo hadi mwisho. FIS, shirikisho la kimataifa la ski, ililazimika kuweka kikomo cha urefu wa fimbo za klasiki, asilimia 83 ya kimo cha mchezaji akiwa amevaa viatu, mitindo mingine isije ikafa.

Deni langu kwa fimbo hizi lina historia. Kwenye Kombe la Dunia la ski, mbio ndefu ya wanawake ilikuwa kilomita 30 na ya wanaume 50. Tangu msimu wa 2022/23 umbali umekuwa sawa, na Machi 2023 pale Holmenkollen, Oslo, wanawake walishindana kilomita 50 kwa mara ya kwanza. Ragnhild Gløersen Haga wa Norwe akashinda. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Kisha zamu yangu ikafika. Machi iliyopita, kwenye kilomita ya 38, mahali pasipo hata mlima wa kusingizia, kundi langu liliniacha nikilitazama mgongo. Mikono ilikuwa imekwisha. Miguu ilikuwa mizima kabisa na haina kazi.

Nikijitambulisha kwa Kiswahili, mtu wa kwanza kutajwa ni Mkenya Philip Boit. Sichoki kusikia. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akavaa ski mara ya kwanza 1996, na 1998 akawa kwenye Olimpiki ya Nagano, kilomita 10, ambako Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyeshinda, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Watu hukumbuka kukumbatiana. Mimi hufikiria mabega yake. Nami nilitoka kwenye riadha, na mkimbiaji huja na mapafu na moyo vilivyo tayari, juu ya kiwiliwili ambacho hakijawahi kuombwa kitu.

Mei 4

Kipimo cha kuanzia. Nimechagua kilomita 6 za lami zinazopanda kidogokidogo, ski za magurudumu za klasiki, magurudumu namba 2 (ya ukinzani wa kati), fimbo mbili tu, mapigo ya moyo yasizidi 150. Kiwango changu cha juu ni 191, kwa hiyo 150 iko kwenye ukanda wa 2 kwa hesabu ya Wanorwe, ambao ni asilimia 72 hadi 82. Sikutaka kipimo cha kujiua. Nataka kujua nasafiri kwa kasi gani kwa bei ileile ya moyo.

Dakika 21 na sekunde 48. Nimeandika kwa kalamu nyekundu.

Mei 19

Video. Kocha amenipiga picha kutoka ubavuni na hakusema neno, akanipa simu nitazame. Nakaa kitini! Kila msukumo, nyonga zinarudi nyuma na magoti yanakunjika kana kwamba kuna stuli nyuma yangu. Ninachokiita kusukuma ni kuvuta fimbo kwa mikono.

Anavyotaka yeye: kabla ya fimbo kugusa chini niwe nimesimama mrefu, nyonga mbele, visigino vimenyanyuka kidogo. Halafu nianguke. Viwiko vibaki vimekunjwa karibu pembe mraba, tumbo likaze, uzito wote uteremke kwenye fimbo, na mikono ifungue mwishoni tu. Ikifika nyuma ya nyonga, kazi imekwisha, kilichobaki ni mbwembwe. Nimeijaribu bila ski, mbele ya ukuta, mara 200. Kesho yake sikuweza kucheka wala kukohoa.

Nyongeza ya mwisho wa mwezi: Mei yote imekuwa saa 48. Mbio za msituni, vyuma mara tatu kwa wiki, na kupanda mlima kwa kuruka na fimbo mikononi. Hakuna la kusimulia hapo.

Juni 9, Sognefjellet

Safari ya kwanza. Barabara ya Sognefjellet huko Norwe hufika mita 1,434 na mwanzoni mwa kiangazi unapita kati ya kuta za theluji zilizokatwa na mashine, huku chini bondeni watu wamevaa kaptula. Juu kuna njia za ski zilizotengenezwa na timu kutoka kila upande zimekusanyika kama nzige.

Mimi nimefika, mfuko wangu wa ski haukufika. Shirika la ndege lilisema "uko njiani" kwa siku mbili. Mfuko una urefu unaonizidi mimi, una jozi tano, na hakuna ajuaye ulilala wapi. Siku hizo mbili nilikimbia na kuazima ski za mwenzangu ambaye ana kilo 9 zaidi yangu. Ski ya klasiki ina mgongo uliopinda, na huchaguliwa kwa uzito wa mtu. Yake mimi siwezi kuibana ikagusa theluji, kwa hiyo hatua hazikushika kabisa. Nikabaki na fimbo mbili, ndilo lilikuwa somo lenyewe. Nimekubali.

Kazi ni alfajiri. Tunatoka saa kumi na moja, theluji ikiwa bado ngumu, na saa nne jua limeshaigeuza kuwa uji. Theluji hii imeyeyuka na kuganda mara nyingi, imekuwa chembe kubwa kama sukari guru, na nta ya kawaida haidumu. Inatakiwa klista, gundi ya kwenye tyubu inayonata kwenye ski, glavu, nywele, usukani wa gari na mswaki. Msinihoji kuhusu mswaki.

Jua huku linatoka juu na linatoka chini. Mwenzangu mmoja ameungua ndani ya matundu ya pua.

Juni 16

Jana tulihamia nyumba nyingine, kijiji cha pili, nami nilisahau kubadilisha anwani kwenye mfumo wa kudhibiti dawa haramu. Walio kwenye orodha ya kupimwa hutoa kila siku saa moja na mahali ambapo mpimaji anaweza kuwakuta bila taarifa. Makosa matatu ndani ya miezi 12, iwe ni kukosekana au kujaza vibaya, yanahesabiwa kuwa uvunjaji wa kanuni, hata damu yako iwe safi kama maji ya chemchemi. Nilikumbuka usiku, nimeshalala. Nikarekebisha kwenye simu kitandani, moyo ukiwa ukanda wa 3.

Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi mlango ukagongwa. Damu na mkojo. Yule mama alikuwa mpole, akaniuliza kama napenda maua ya huku.

Juni: saa 56.

Julai 14

20:31!

Njia ileile, magurudumu yaleyale, mapigo 150 na si zaidi. Nimekata dakika moja na sekunde 17. Nilipiga kelele peke yangu barabarani, ng'ombe wakanitazama. Nikampigia kocha hata kabla ya kuvua helmeti.

Akauliza swali moja: ulianza kipimo ukiwa umeteleza dakika ngapi?

Kama 35, nikamwambia. Na Mei je? Mei nilishuka kwenye gari, nikavaa, nikaanza.

Akanyamaza. Nikaelewa polepole kama mtu anayemwagiwa maji baridi kwa kijiko.

Julai 20

Magurudumu ya mpira hupungua ukinzani yanapopata joto. Kila mwenye ski za magurudumu analijua hilo kwa miguu yake: robo saa ya kwanza ni kama unavuta gogo, baadaye barabara inafunguka. Nilijua pia. Sikuliweka tu kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu yenye furaha haikaguliwi.

Leo nimefanya mara mbili. Asubuhi, magurudumu baridi, hewa kama ya Mei: 21:22. Nikateleza taratibu kwa dakika 40, nikarudia: 20:34. Magurudumu peke yake yana sekunde 48. Maendeleo yangu halisi tangu Mei ni sekunde 26.

Sekunde 26 kwa wiki kumi na moja ni kitu kizuri tu, na ningeandikiwa hivyo tangu mwanzo ningefurahi. Sasa naziona kama chenji. Kipimo kipya kimeandikwa ukurasa wa nyuma: dakika 30 za kupasha moto, halijoto ya hewa, upepo, tarehe ya magurudumu kubadilishwa. Mstari mwekundu wa Mei nimeukata kwa mstari mmoja ili uendelee kusomeka.

Agosti 6

Ski za magurudumu hazina breki. Unapunguza mwendo kwa kufungua miguu kama ndege anayetua, kwa kukanyaga majani ya kando, au kwa kuomba. Leo kwenye mteremko, changarawe ya ukubwa wa punje ya mahindi ilikwama kwenye gurudumu la mbele. Mguu mmoja ukasimama, mimi nikaendelea. Ngozi ya kiwiko cha kushoto na nyonga imebaki kwenye lami. Helmeti imepasuka upande, na pigo hilo kichwa changu kisingeliweza.

Siku nne bila fimbo. Baiskeli ya ndani, nikitazama ukuta.

Agosti 25, Trollhättan

Alliansloppet, mbio za ski za magurudumu za kilomita 48, Uswidi. Kidonda kimekauka, kimebaki kuwasha.

Hapa watu husafiri kwa msafara kama waendesha baiskeli. Ukiwa nyuma ya mtu upepo unakupungukia, ukitoka pembeni unalipa. Nilikaa kwenye kundi la tatu kwa kilomita 30, nikihesabu misukumo: wao walikuwa wanapiga chache kuliko mimi, na kasi ni ileile. Kila msukumo wao ulikuwa unakwenda mbali. Nikajaribu kuiga, nikakaa mrefu zaidi kabla ya kuanguka, nikaona nafasi ya kupumua. Kilomita ya 38 ikapita. Niliitazama inavyopita, kibao cheupe tu kando ya njia. Kilomita ya 43 ndipo waliponiacha, kwenye kilima, na safari hii mikono ilichoka pamoja na miguu, ambavyo ndivyo inavyotakiwa.

Agosti: saa 60. Julai ilikuwa 66.

Septemba 8, Livigno

Livigno, Italia, mita 1,816 juu ya usawa wa bahari. Siku 19. Ukienda chini ya hapo mwili hauoni sababu ya kuhangaika, ukienda juu sana hulali na huwezi kufanya mazoezi. Kwenye hewa yenye oksijeni kidogo, figo hutoa homoni zaidi ya kuuambia uboho utengeneze chembe nyekundu, na chembe nyekundu hujengwa kwa madini ya chuma. Ndiyo maana tulipima feritini, akiba ya chuma mwilini, wiki sita kabla ya safari. Yangu ilikuwa chini, nikapewa vidonge. Kupanda mlima bila chuma ni kama kumwita fundi bila tofali.

Kanuni ya siku tano za kwanza ni kutembea kama mgonjwa. Mapigo chini ya 130. Kwenye kilima kidogo nje ya kijiji nilipitwa na mzee mwenye mbwa, na mbwa ndiye aliyegeuka kunitazama. Kocha huchoma kidole na kupima lakteti, zao la misuli linalopanda kwenye damu kadiri unavyojikaza: ikizidi 1.5 kwenye mazoezi mepesi, nashuka mwendo, hakuna mjadala. Nilizidi siku ya pili na siku ya tatu. Kitu kigumu kuliko vyote mwaka huu, kuliko vyuma, kuliko kuanguka, ni kwenda polepole mbele ya watu wanaonifahamu. Karibu asilimia 90 ya saa zangu zinatakiwa ziwe za kiwango hicho, na kila wiki naiba kidogo.

Septemba 17

Mazoezi makali hatuyafanyi juu. Tumeshuka kwa gari hadi Tirano, mita 400 na kitu, njia ya kona nyingi ambayo ilimtapisha mwenzetu mmoja. Dakika 8 mara tano, fimbo mbili, ukanda wa 3. Lakteti: 2.9, 3.1, 3.3, 3.2, 3.6. Mistari kama hiyo hainisisimui wakati inatokea. Jioni nikiiandika ndipo naona kwamba Mei ile ya tatu ingekuwa imeshafika 5.

Hewa hapa ni kavu. Midomo imepasuka, naamka saa nane usiku kunywa maji. Usingizi ndiyo kazi yetu ya pili na tunaifanya vibaya.

Septemba: saa 71, nyingi kuliko mwezi wowote.

Oktoba 12, Torsby

Handaki la ski la Torsby, Uswidi, lilifunguliwa 2006. Lina urefu wa kilomita 1.3, theluji ndani mwaka mzima, baridi nyuzi chache chini ya sifuri. Nje kuna majani ya manjano na mvua. Unavaa kofia mlangoni, unaingia majira mengine. Wafini walitangulia na lao la Vuokatti, 1997.

Ukweli ni kwamba unazunguka ndani ya bomba. Leo nimezunguka saa mbili na nusu. Taa, ukuta, taa, ukuta, kilima kilekile. Baada ya saa ya kwanza nilianza kuwafahamu watu kwa migongo.

Lakini jambo kubwa la mwaka limetokea humu. Kwenye lami, ncha ya chuma ngumu ya fimbo inauma na kushika, huteleza endapo tu umesahau kuinoa. Kwenye theluji fimbo inazama kidogo kabla ya kushika. Ule mwanguko wangu mpya, niliojivunia kiangazi kizima, ulikuwa unafika kwa nguvu zote sehemu ndogo ya sekunde kabla theluji haijawa tayari, na nusu ya nguvu ikapotelea humo. Tena miguu: ski za magurudumu za klasiki zina kifaa ndani ya gurudumu kinacholizuia kurudi nyuma, kwa hiyo hata hatua mbovu hushika. Ski ya kweli haisamehi. Miezi mitano ya lami imenipa nguvu na imeniharibu adabu.

Nilimwambia mwenzangu kwamba nimefundishwa uongo na barabara. Akasema, "Dada, barabara haikusema kitu. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea."

Oktoba 15

Tumepunguza kasi mpaka aibu. Dakika 20 za fimbo mbili nikisikiliza tu: kama fimbo inapiga "tak" nimewahi mno, kama inafanya "shh-tup" imeshika kwanza ndipo nikaiwekea uzito. Saa nzima ya shh-tup. Kisha tumejaribu jozi nane za ski kwa kuteleza kutoka alama moja bila kusukuma na kupima zinakosimama. Mbili zimerudi dukani kusagwa upya upande wa chini. Nta zote ni zisizo na fluorini, kemikali ya kuongeza mtelezo, kwa kuwa tangu msimu wa 2023/24 imepigwa marufuku kwenye mashindano ya FIS na ski hupimwa kwa mashine kabla ya kuanza. Fundi wetu wa nta ametupa hata brashi za zamani, zisije zikatuchongea.

Oktoba imefungwa na saa 63. Jumla tangu Mei ni 364.

Novemba 3

Kipimo cha mwisho cha lami kabla ya barafu. Magurudumu moto, hewa nyuzi 4, upepo hakuna. 20:09. Baridi hiyo huyafanya magurudumu yawe mazito kuliko Julai, kwa hiyo sekunde 25 hizi nazipokea bila kuzikagua. Nimezikagua. Zipo.

Novemba 9, Muonio

Ufini, kaskazini ya mzingo wa Aktiki. Hapa kwenye kituo cha ski cha Olos msimu huanza mapema na njia ya theluji iliyotengenezwa, wakati kwingine msitu bado una manyasi. Mchana ni mwanga wa saa chache wa rangi ya chai ya maziwa. Mfuko wa ski umefika pamoja nami, nikaupigapiga kama mnyama.

Kesho ni kilomita 10 za klasiki, watu huondoka mmoja mmoja kwa sekunde 30. Fundi aliuliza kama nataka ski bila nta ya kushika, fimbo tu. Nilitembea kwenye njia mara mbili. Kuna kilima kimoja kirefu ambacho hakinipendi. Nimesema anipake, safu nyembamba, fupi.

Novemba 10

Kilomita ya kwanza nilisikia "tak, tak". Ya pili nikaisikia ikigeuka.

Kwenye kilima kirefu nilipoteza sekunde 11 kwa msichana aliyeondoka nyuma yangu, nta ikashika lakini hatua zangu bado ni za lami. Kwenye tambarare kati ya kilomita ya 6 na ya 9 nilirudisha 14, zote kwa fimbo. Nafasi yangu ilikuwa ya katikati, pointi za FIS zimeshuka, na kwa FIS kushuka ndiyo sifa. Kocha alinipa koti na chupa ya maji, akaniambia nyonga bado zinarudi nyuma nikichoka. Akanionyesha kwenye simu. Ile stuli bado ipo, imepungua urefu.

Kesho saa mbili, ukanda wa 1, hatua tu, bila fimbo kabisa.